Mungu Mmoja: Tumjibuje Mtoto?

Katika kambi za askari Mkristo na Mwislamu huteka maji katika bomba moja, na watoto wao hucheza pamoja. Si ajabu basi mtoto wa Mkristo akirudi nyumbani na kuuliza: "Mama, ni kweli kwamba sisi tuna miungu watatu?" Akina mama wengi humnyamazisha kwa ukali, kwa kuwa wao wenyewe hawana hakika. Lakini mtoto huyo amestahili jibu.

Jibu la kwanza ni fupi: la. Mkristo husadiki Mungu mmoja tu, aliyeumba kila kilichopo. Imani hiyo Wakristo waliirithi kwa Waisraeli, wala hawakuiacha. Lakini husadiki pia kwamba Mungu huyo mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu: nafsi tatu, Uungu mmoja.

Fundisho hilo halikupita pasipo ubishi. Mwanzoni mwa karne ya 4, padre mmoja wa Aleksandria, katika Misri, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ijapokuwa amewapita viumbe wengine wote. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu wakutane Nikea, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Wakakata shauri kwamba Mwana hakuumbwa, bali ana asili moja na Baba. Ugomvi haukuishia hapo. Athanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alihamishwa kwa nguvu mara tano, hasa kwa sababu ya ugomvi huo. Mwaka 381 mtaguso wa Konstantinopoli uliithibitisha tena imani ya Nikea.

Kwa nini watu wateseke kwa ajili ya neno moja? Askari atafahamu upesi. Yuko mkubwa apelekaye tarishi kwenye mahandaki, na barua ya kuwatia moyo watu wake. Yuko na mwingine ajaye mwenyewe, akalala katika tope lile lile na kupata jeraha lile lile. Kama Mwana ni kiumbe, Mungu alituma tarishi. Kama Mwana ni Mungu, basi aliyezaliwa na mwanamke, akaona njaa na kufa msalabani kwa hukumu ya Pontio Pilato, ndiye Mungu mwenyewe aliyetujia. Wakristo husadiki kwamba alifufuka siku ya tatu, na kwamba Roho wake yu pamoja nasi hata leo. Mjane wa askari, aliaye usiku peke yake, hulishika neno hilo kuliko maneno yote.

Ndugu zetu Waislamu hawalikubali fundisho hili, nasi tusiwachukie kwa hilo. Jirani mwema hueleza kwa upole, na husikiliza aelezwapo.

Basi, mama, usimfokee mtoto. Mkalishe karibu nawe, umwambie: "Mungu ni mmoja, naye alitupenda hata akaja mwenyewe." Kisha mwache arudi kucheza na rafiki yake.