Mifagio na Sahani

Wako wahakiki wanaozidharau hadithi za wanawake waliojeruhiwa na maisha wakaponywa kwa urafiki na uganga kidogo, kwa hoja kwamba uganga si jambo la watu wazima. Hoja hiyo ni dhaifu, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuicheka. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wahasidi hugeuzwa manyani, na Adili hulazimika kuwapiga kila usiku. Jini yumo, lakini kitabu si chepesi. Uganga humo haufuti deni. Hulidai kila jua lituapo.

Kosa la hadithi nyingi za faraja liko mahali pengine, na mfano wake ni Practical Magic, riwaya ya Alice Hoffman wa Marekani iliyotoka mwaka 1995 na kufanywa senema mwaka 1998. Sally na Gillian ni dada wa ukoo unaotajwa kwa uchawi. Mchana watu wa mji huwaepuka. Jioni wanawake wa mji huo huo hupitia mlango wa nyuma kuomba dawa ya mapenzi. Hilo ni jambo zito, kwani ni nani asiyemjua jirani anayekuhitaji gizani na kukukana hadharani? Kisha mwanamume katili, mpenzi wa Gillian, anakufa na kuzikwa bustanini, na mzimu wake unakataa kutulia. Katika riwaya, wanawake wawili wazee wa ukoo ndio wanaoumaliza. Senema ikaona vema kuwaita majirani. Sally anapiga simu, wanawake wanafika na mifagio mikononi, wanafanya duara, mzimu unatoweka. Mwishowe mji mzima unashangilia.

Nani aliomba radhi? Hapana hata mmoja. Matusi ya miaka mingi yamefagiwa pamoja na mzimu, nao waliotukana wamepewa jina la marafiki bila kulipa chochote. Hapo uganga umefanya kazi isiyokuwa yake.

Miaka 11 kabla ya senema hiyo, Toni Morrison alitoa Beloved, ambayo nayo ina mzimu na wanawake wanaokusanyika kuufukuza. Si kitabu cha kufariji, wala hakidai hivyo. Sethe ametoroka utumwa na kufika Cincinnati. Nyumbani mwa mkwewe hufanywa karamu ya watu 90, na majirani, walioshiba, wanaona wivu kwa wingi ule ule walioula. Wawinda-watumwa wanapokuja, hakuna anayekimbia kumwonya Sethe, naye anamuua mtoto wake asirudishwe utumwani. Majirani wanamtenga kwa miaka 18. Njaa inapoingia nyumbani, Denver, binti yake, anatoka uani kuomba msaada. Baada ya hapo chakula huanza kuwekwa karibu na nyumba, na baadhi ya sahani zina kijikaratasi chenye jina la mwenye nacho. Denver hupita akirudisha sahani, na kwa kuzirudisha huwajua watu waliomtenga mama yake. Ndipo baadaye wanawake 30 wanapokuja kuomba na kuimba mbele ya nyumba. Anayewaongoza, Ella, hajalikubali tendo la Sethe. Amekuja kwa sababu haoni haki ya mambo yaliyopita kumiliki nyumba ya walio hai. Wimbo wao una nguvu kwa kuwa sahani zimetangulia.

Watetezi wa hadithi tamu watasema kwamba mwanamke aliyefiwa, au aliyepigwa na mumewe, akifungua kitabu usiku hatafuti hukumu bali pumziko. Ni kweli, na mtu asimnyime. Lakini mwanamke huyo anawajua kwa majina wote ambao hawakuja. Kumsimulia kwamba watakuja siku moja, wote pamoja, wakicheka, wala hawana la kujibu, ni kumtaka ayasahau anayoyajua kuliko mwandishi. Senema ile haikuhitaji kupoteza utamu wake. Ingetosha mmoja wa wanawake wale asimame kizingitini na mfagio wake, asiingie mpaka amwambie Sally alichokuwa akikisema juu yake sokoni, na Sally akae kimya kidogo kabla ya kumpisha.