Makumbusho yasiwe ghala la vibuyu

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nayo mila haidumu kwa kufungiwa kabatini. Katiba ya 2010 iliyaweka makumbusho ya kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Kitui na Makueni, basi, zina wajibu. Lakini jengo na vibuyu pekee havitoshi.

Kitakachomfaa mwanafunzi ni siku maalumu za kuketi na wazee na kuwauliza maswali. Mwaka 1849, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi. Vitabuni husifiwa mgeni. Mwenyeji hutajwa kwa kupita tu. Aidha, njaa kuu ya 1898 na 1899 Wakamba waliiita Ngomanisye. Maandishi ya ukutani hayawezi kuieleza njaa hiyo kama mkongwe aliyepokea habari zake kwa nyanya yake.

Walimu wasingoje mwaliko. Wawatume wanafunzi vijijini, masimulizi yaandikwe, kisha yasomwe makumbushoni mbele ya wenyewe. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna kabati litakaloturejeshea walichokijua.