Chuo Kinapobisha Hodi Ofisini

Mjane wa mwalimu afikapo katika ofisi ya wilaya kufuatilia pensheni ya marehemu mumewe, hakutani na wizara. Hukutana na karani. Karani akiijua kazi, jalada husonga mbele. Asipoijua, mama hurudi nyumbani mikono mitupu, na ada ya watoto huendelea kungoja. Ndiyo sababu mafunzo ya watumishi wa umma si jambo la wakubwa peke yao, bali ni jambo la kila nyumba.

Nchini Uganda haja hiyo ilitambuliwa mapema. Mwaka 1968, miaka 6 baada ya uhuru, kilianzishwa chuo cha utawala wa umma, ambacho leo ni Taasisi ya Usimamizi ya Uganda, mjini Kampala. Mwaka 2011 Wizara ya Utumishi wa Umma nayo ikapata chuo chake mjini Jinja. Aghalabu mtumishi ndiye akifuataye chuo: hufunga mzigo, huiacha meza yake, akaketi pamoja na watu wa idara nyingine na kufundishwa mambo ambayo mengine hayamhusu.

Njia ya pili ni chuo kumfuata mtumishi. Mwalimu hufika kwanza si kufundisha, bali kutazama: majalada hukwama kwenye meza ipi, barua hulala siku ngapi, kosa gani hurudiwa. Kisha hulikata somo kama fundi akatavyo kitambaa, baada ya kupima mwili. Fomu zinazosomwa darasani huwa zile zile zijazwazo kila asubuhi. Askari hulielewa jambo hili upesi, kwani hakuna aliyejua kufungua na kufunga bunduki kwa kutazama picha ubaoni tu.

Faida yake hufika hadi jikoni. Mama anyonyeshaye halazimiki kulala bwenini majuma mawili. Lakini posho ya safari nayo hukosekana, na zipo nyumba zilizoitegemea kwa sukari na sabuni. Mkuu wa kazi hana budi kulisema hilo wazi tangu mwanzo, la sivyo watu watahudhuria kwa kinyongo.

Adui mkubwa wa darasa la kazini ni mlango ulio wazi. Simu hulia, mkubwa huita, mwanafunzi huinuka, na somo hukatika. Yafaa saa za mafunzo ziheshimiwe kama zamu ya lindo, na mkuu mwenyewe aketi katika benchi siku ya kwanza ili wadogo waone kwamba kujifunza si adhabu.

Vyeti na vitolewe, lakini mtihani wa kweli uje baada ya miezi mitatu, yahesabiwe majalada yaliyosalia mezani. Siku mjane atakaporudi nyumbani na jibu mkononi, hapo ndipo chuo kitakuwa kimefaulu.