Goti likichanika ndani: kano ya kupandikiza itolewe wapi?

Jioni viwanjani Buzuruga, kando ya barabara iendayo Musoma, hukosi kumwona kijana amekaa pembeni akitazama wenzake wakicheza. Ukimuuliza, atakwambia goti "linamwachia". Aligeuka ghafla akiwa mbio, akasikia kitu kimelia "pa!", goti likavimba siku hiyohiyo. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto, uvimbe ukaisha, lakini kila akigeuka mguu unakosa nguvu.

Mara nyingi hizo ni dalili za kuchanika kwa ligamenti iliyo katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Ndilo jeraha lililomweka nje Virgil van Dijk mwaka 2020 na Rodri wa Manchester City Septemba 2024. Wasichana wanaocheza mpira hulipata kwa urahisi zaidi kuliko wavulana. Tanzania, Kenya na Uganda zikijiandaa kwa AFCON 2027, habari za viwanja tunazisikia kila siku. Za magoti, hapana.

Ligamenti hiyo ikikatika kabisa, kuishona tu mara nyingi hakutoshi. Daktari huchukua kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, kutoka sehemu nyingine ya mwili, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani.

Zinazotumika sana ni kano za nyuma ya paja. Kidonda chake ni kidogo na mbele ya goti hapaumi sana. Hasara yake ni kwamba nguvu ya kukunja goti hupungua kiasi, na kano hushikana na mfupa polepole.

Nyingine ni kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti, kinachotolewa na vipande vidogo vya mfupa kila upande. Mfupa hushikana na mfupa mapema, ndiyo maana madaktari wengi wa wanasoka huipenda. Lakini kupiga magoti kunaweza kuuma kwa miaka. Kwa mchezaji wa Ulaya hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mvuvi anayepiga magoti ndani ya mtumbwi, fundi anayepiga sakafu au mtu anayesujudu mara tano kwa siku, ni jambo zito, na kwa maoni yetu mgonjwa aulizwe kazi yake kabla ya kuulizwa timu yake.

Kano ya juu ya pia ya goti ni nene, na haileti sana maumivu ya kupiga magoti, ila msuli wa mbele ya paja huchelewa kurudi. Kano ya marehemu aliyechangia mwili wake huhitaji benki maalumu ya kuihifadhi, na kwa vijana hukatika zaidi. Kamba za kutengenezwa kiwandani zilijaribiwa sana miaka ya 1980. Nyingi zilikatika.

Je, kila mtu apasuliwe? Hapana. Utafiti wa Sweden wa watu wazima vijana 121, ambao matokeo yake ya miaka 5 yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya walioanza kwa mazoezi tiba, karibu nusu hawakuwa wamepasuliwa hata baada ya miaka 5, na magoti yao hayakuwa mabaya kuliko ya waliopasuliwa mapema. Lakini goti linaloendelea kuachia lisipuuzwe, kwa sababu kila linapoteleza linaweza kusaga gegedu za ndani.

Na hapa ndipo shida yetu ilipo. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza kabla ya kuimarika. Kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 huongeza sana hatari ya kuikata tena. Miezi hiyo yote inataka mazoezi ya kufuatiliwa. Anayetoka Sengerema sasa anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lakini wa Ukerewe bado anategemea kivuko, nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Ukipewa rufaa kwenda Bugando, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, muulize daktari: ni kano ipi umeizoea zaidi, na kwa nini hiyo kwangu? Skrubu na vifaa vingine bima inavilipia? Na mazoezi, nitayafanyia wapi karibu na nyumbani? Jibu la swali hili la mwisho lipate kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji.