Chakula cha Mbuzi Kipo Nyumbani, Mtoto Aende Shule

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona kila siku, na kwa kuwa twaliona kila siku, hatuliulizi. Jambo lenyewe ni njaa ya mbuzi wakati wa kiangazi. Huenda msomaji akacheka na kusema, "Huyu naye amekosa la kuandika?" Na acheke, lakini asome mpaka mwisho, maana hapa Zagayu habari ya mbuzi ni habari ya watoto pia.

Mvua za masika zikiisha, majani ya karibu huliwa upesi. Ifikapo Septemba na Oktoba, nchi yote huwa kahawia, na mchungaji hana budi kwenda mbali tangu alfajiri hadi magharibi. Mchungaji huyo ni nani? Aghalabu ni mtoto wa Darasa la Nne au la Tano, kwa sababu kaka zake wamekwenda na ng'ombe. Basi dawati lake hubaki wazi. Mwalimu akiita jina lake, wenzake huitikia, "Hayupo, Mwalimu, yuko kwenye mbuzi."

Sisimulii habari za jirani. Hii ni ya kwetu. Mwaka juzi nilifungua daftari la hesabu la mdogo wangu, nikaona tarehe zimeruka kutoka 30 Septemba hadi 21 Oktoba. Katikati hapakuwa na kitu. Alipoanza tena, wenzake walikuwa wamekwisha maliza sehemu, naye akawa ananakili majibu asiyoyaelewa. Na je, mbuzi walinufaika na siku hizo alizozipoteza? La hasha! Majike wawili walitupa mimba. Mmoja aliingia jikoni kwa njaa, akala mahindi ya punje mpaka tumbo likavimba, akafa kabla ya jua kuchwa. Wawili tuliwapeleka mnadani, lakini mbavu zao zilihesabika, tukapewa bei ya kutupa. Tukawa tumepoteza mbuzi na masomo kwa pamoja.

Baba yangu si mvivu, wala hachukii elimu. Alipoulizwa na mwalimu alijibu, "Nifanyeje? Mbuzi wakifa, hata sare na chakula cha huyu mtoto kitatoka wapi?" Jibu lake lina haki. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi Kidato cha Nne, lakini daftari, viatu na sare hununuliwa kwa fedha, na kwetu fedha hiyo ina miguu minne. Ndipo nilipojiuliza: je, ni kweli kwamba chakula cha mbuzi hakuna?

Tutembee pamoja, msomaji, tangu mavuno mpaka kiangazi, tuhesabu tunavyovitupa. Twachimba viazi vitamu, na marando twayaacha juu ya matuta yakaukie juani. Akina mama wakitengeneza michembe, maganda ya viazi hutupwa jalalani. Twapiga choroko, makapi yake hupeperuka na upepo. Twang'oa karanga, majani yake huchomwa moto. Dengu hali kadhalika. Migunga huangusha matunda yake chini, nayo hukanyagwa barabarani. Kisha twavuka hayo yote tukiwaswaga mbuzi kwenda mbali kutafuta chakula!

Katika somo la baiolojia tumefundishwa kwamba tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na katika chumba kilicho kikubwa kuliko vyote wamo vijidudu wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaochachusha majani na mabua, vitu ambavyo tumbo la mtu haliviwezi. Lakini vijidudu hao nao wataka kulishwa. Nyasi kavu za Oktoba zina protini kidogo mno, hivyo vijidudu hudhoofu, na mbuzi huweza kushiba nyasi huku akikonda. Mpe majani makavu ya karanga au ya choroko, au marando yaliyoanikwa vizuri, nao vijidudu hupata nguvu, na hata mabua ya mahindi humfaa kuliko kwanza. Kwa hiyo chakula hiki cha akiba hakimshibishi tu, bali humsaidia kutumia hata kile kilicho duni.

Mwaka jana tulijaribu nyumbani. Tulikuwa na mbuzi 11. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 30 huhitaji chakula kikavu kipatacho kilo moja kwa siku. Nilifanya hesabu hivi: nusu ya chakula wajitafutie wenyewe, nusu tuwape kutoka ghalani. Nusu kilo mara mbuzi 11, mara siku 90, ni kilo 495. Baba aliposikia hesabu hiyo aliguna. Lakini haikukusanywa kwa siku moja. Kila tulipotoka shambani, kila mtu alibeba mzigo wake wa marando badala ya kurudi mikono mitupu.

Kazi ilikuwa hivi. Tuliyaanika majani kivulini na kuyageuza, maana jua kali huyachoma na kuyaondolea ubora, na majani yenyewe hupukutika. Yalipokauka tuliyaweka juu ya kichanja ili mchwa wasiyafikie, tukayafunika yasinyeshewe na mvua za vuli. Matunda ya migunga tuliyaokota tukayatwanga, kwa sababu mbegu zake ni ngumu, na zisipotwangwa nyingi hutoka katika kinyesi nzima kama zilivyoingia. Tulichonga hori, maana mbuzi ana maringo: chakula alichokikanyaga yeye mwenyewe hakigusi tena.

Tulinunua pia mashudu ya pamba kidogo. Hapa pana jambo la kufikiri. Mkoa wetu wa Simiyu huongoza nchi nzima kwa kilimo cha pamba. Nyuzi zikitolewa, mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu yanayobaki ni chakula chenye protini nyingi sana. Lakini ni wangapi kati ya wakulima wa pamba ambao mbuzi wao wamepata kuyaonja? Mbuzi mkubwa hutosheka na konzi mbili kwa siku, hasa jike mwenye mimba au anyonyeshaye. Nasema mbuzi mkubwa, kwa maana mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo tumbo la mkubwa huiweza kwa kiasi, lakini mwana-mbuzi ambaye bado ananyonya haiwezi.

Matokeo? Sisemi kwamba mbuzi walinona kama wa masika. Mmoja alikufa kwa ugonjwa, na mashudu yalikwisha mapema kuliko tulivyodhani. Lakini hakuna jike aliyetupa mimba. Na lililo kubwa ni hili: mbuzi walikula horini asubuhi, wakafunguliwa alasiri mdogo wangu aliporudi shuleni, wakachungwa karibu. Daftari lake la mwaka jana nimelitazama. Halina pengo la Oktoba.

Sasa nitaje hatari, nisije nikawaponza wenzangu. Maganda mabichi ya mihogo yana sumu. Yakatwe vipande vidogo na kuanikwa mpaka yakauke kabisa. Mtama mchanga, na machipukizi yanayotoka baada ya mtama kukatwa, huweza kuua mbuzi kwa muda mfupi. Majani ya pamba iliyopigwa dawa si chakula. Lusina ni mti mzuri, nao huchipua ukikatwa, lakini majani yake yasizidi theluthi ya chakula. Punje za mahindi nyingi kwa mara moja ni mauti, kama tulivyoona sisi. Kila chakula kipya kianzwe kidogo kidogo, muda wa wiki moja au mbili, ili tumbo lizoee. Na mifuko ya plastiki, ingawa ile ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mabaki ya plastiki yangalipo majalalani, na mbuzi akiyala huziba tumbo. Mwisho, maji: mbuzi mwenye kiu hali vya kutosha hata hori likijaa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Sikubaliani nao. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa tangu mvua zianze mpaka kiangazi kikali, ndipo ifunguliwe. Hiyo si akiba? Miti na ngitili zilipopungua sana, mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, wakati ambapo Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Haukuleta desturi mpya. Uliifufua ile ya wazee. Maelfu na maelfu ya hekta zilirudi kuwa na miti na majani, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Basi kichanja cha marando ni ngitili ndogo juu ya miti minne, ambayo hata asiye na eneo kubwa aweza kuwa nayo.

Wengine husema mabaki yabaki shambani yarutubishe udongo. Neno hilo ni jema, na yasitolewe yote. Lakini mbuzi akila zizini, samadi yake hukusanyika mahali pamoja, nayo yaweza kurudishwa shambani. Akila porini, samadi hubaki porini.

Pingamizi moja tu lilinigusa. Mama aliniuliza, "Na kazi hii ya kukusanya na kuanika ataifanya nani, kama si mimi?" Sikuwa na la kumjibu siku ile. Sasa ninalo. Tutaifanya sisi wavulana na wasichana tuliosoma, siku za Jumamosi na wakati wa likizo ya mwezi wa Juni, maana ndio mwezi wenyewe wa marando. Ikiwa mzigo utaondoka begani mwa mtoto na kuwekwa kichwani mwa mama, tutakuwa tumehamisha taabu, hatukuiondoa.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mwanafunzi na maisha ya wazazi wake. Napendekeza shule yetu ianze: maganda ya jikoni yaanikwe badala ya kutupwa, kichanja kimoja kijengwe nyuma ya bweni, na bwana mifugo wa kata aalikwe atufundishe. Kisha kila mwanafunzi ajenge kimoja kwao. Hakuna fedha inayohitajika ila miti, kamba na jasho.

Watu hupenda kusema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba ya mbuzi wetu ni fupi kwa sababu chakula twakitupa mwezi wa Juni, kisha mwezi wa Oktoba twaifunga shingoni mwa mtoto ili aende kukitafuta mbali. Tuikate kamba hiyo. Akiba haiozi, ikianikwa vizuri.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Zagayu