Usitingishe Kichwa Kama Hujaelewa

Wacha niseme ukweli: vijana wengi tunaongea magari kuliko tunavyoyajua. Mtaani tutabishana cc usiku kucha, lakini uliza cc ni nini, kimya. Ni ujazo tu, wasee. Nafasi ambayo pistoni zote zinafagia ndani ya silinda. 1500cc ni lita moja na nusu, basi. Injini mbili zinaweza kuwa na cc sawa, moja iwe na tabo, na hazitavuta sawa hata kidogo. Na toki je? Umeona fundi akishindwa na nati ya gurudumu, anaongeza bomba refu kwa spana? Mkono ni ule ule, nati inalegea. Hiyo ndiyo toki, nguvu ya kuzungusha.

Hayo ni ya kupiga stori. Kuna maneno mengine usipoyajua yanakula pesa ya nyumbani.

Nilikuwa nimeacha kampasi tu, gari la mathe likaanza kuchemka. Fundi akaangalia dakika mbili: "Mama, hii ni hedi gasketi, imechomeka." Mathe akanigeukia mimi, mtu wa video za magari. Nikatingisha kichwa kama injinia. Sh28,000 zikaenda, na humo ndani kulikuwa na fee ya ndugu yangu mdogo. Wiki mbili baadaye, mvuke tena.

Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, alianza na maswali. Kabla gari lifunguliwe, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Hapana. Lilikuwa linatoa moshi mweupe? Hapana. Gasketi ya hedi ndiyo inazuia maji, oili na moto wa silinda visikutane, na ikiharibika mara nyingi utaona dalili kama hizo. Kisha akashika hozi mbili za rejeta. Ya juu moto, ya chini baridi. "Themostati imekwama." Hicho ni kimlango kinachofunguka injini ikishika moto, ili maji yapite rejeta yapoe. Sh2,000 na kazi ndani. (Na tafadhali, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Itakuchoma uso.)

Najua mtasema mafundi ni wezi. Wengine ni wezi, sikatai. Lakini yule wa kwanza labda alikisia tu, na sisi hatukumuuliza swali hata moja. Tuliogopa kuonekana washamba. Manze, "umejuaje?" ni swali la bure. "Nionyeshe" pia ni bure. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika, atakuonyesha na hata atafurahi umeuliza.

Siku hizi mathe akifika gereji haniangalii tena. Anainama kwa boneti mwenyewe, na handbag yake begani: "Kijana, hebu nionyeshe hozi ya chini ni gani."