Mafuta ya Niemba yasiishie kwenye matope

Mvua zinapoanza katika jimbo la Tanganyika, kwa kawaida kuanzia Oktoba, safari ya kutoka Niemba kwenda Kalemie hubadilika. Pikapu ni ileile, mzigo ni uleule, dereva ni yuleyule. Kinachoongezeka ni idadi ya bidoni za mazutu, kama dizeli inavyoitwa huko, zinazoingia kwenye tangi kabla gari halijafika mjini.

Tofauti hiyo hailipwi na mwenye gari. Hulipwa na mama anayepeleka mahindi na mihogo sokoni Kalemie, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya mjini. Hulipwa pia na mnunuzi wa sabuni na chumvi pale Niemba, ambaye huambiwa kwamba bei imepanda "kwa sababu ya njia". Kuokoa mafuta, kwa hiyo, si jambo la mafundi peke yao. Ni suala la bei ya chakula.

Lita moja ikifika Niemba huwa imetembea sana. Kalemie hupokea bidhaa kupitia ziwa, kutoka Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia, au kwa barabara ndefu za ndani ya nchi. Serikali hupanga bei ya pampu kwa kanda, lakini mbali na pampu mwenye kauli ni muuzaji wa bidoni, yule ambaye Wakongo wamempachika jina la Kadhafi. Lita iliyosafiri hivyo ni ghali mno kuchezewa.

Ushauri mwingi kuhusu kupunguza matumizi ya mafuta ya pikapu umeandikwa kwa ajili ya barabara za lami: funika bodi kwa turubai, usivuke kilomita 90 kwa saa, na kadhalika. Kwenye lami ushauri huo una maana, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa upepo huongezeka mara nne. Lakini gari linalokwenda kilomita 20 au 30 kwa saa kati ya mashimo halisumbuliwi na upepo. Mafuta yake huliwa na matope, mzigo, gia ndogo na injini inayonguruma gari likiwa limesimama.

Hapo ndipo pa kuanzia. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, na injini hulipia kila mkunjo. Madereva wengi hupunguza upepo ili kutoka kwenye matope au mchanga, na wanafanya vyema. Kosa ni kuendelea hivyo hadi Kalemie bila kujaza tena.

Kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi la kiangazi huinyima dizeli pumzi. Moshi mweusi unaotoka nyuma ni mafuta yaliyonunuliwa yakatupwa bila kuungua vizuri. Mazutu yenye maji au uchafu wa bidoni nayo huharibu nozeli, na nozeli mbovu haimwagi mafuta sawasawa. Kuyaacha yatulie na kuyachuja kabla ya kuyamimina ni kazi ya dakika chache.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Kila breki ya ghafla hugeuza mafuta kuwa joto la bure, na kinachofuata ni kuanza upya kwa gia ya kwanza. Dereva anayetazama mbali, akaachia mafuta mapema kabla ya shimo na kulivuka polepole bila kusimama, hufika na mazutu zaidi kuliko anayekimbia na kufunga breki. Kuendesha magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu na ngumu ni kupoteza mafuta na kuchosha vyuma. Injini ya pikapu iliyoachwa ikinguruma wakati wa kupakia inaweza kunywa nusu lita hadi lita nzima kwa saa.

Kisha kuna mzigo. Pikapu nyingi zimetengenezwa kubeba takriban tani moja. Ikipakiwa magunia, kisha bidoni, kisha abiria juu yake, hupanda vilima kwa gia ndogo na kuzama kila penye matope. Faida ya gunia la ziada huishia kwenye tangi, mbali na hatari kwa wanaoning'inia juu ya mzigo.

Haba na haba hujaza kibaba. Chukua mfano wa pikapu inayotumia lita 16 kwa kilomita 100. Ikishuka hadi lita 14, kila kilomita 2,000 itakuwa imeokoa lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20. Kwa gari linalotafuta riziki kwenye njia kama hii, hizo si fedha za kudharau.

Wapo watakaosema kwamba madereva wa Niemba wanayajua haya yote, na kwamba kinachowakwaza ni umaskini. Hoja hiyo ina uzito. Panapokuwa na makubaliano ya mwenye gari kudai malipo yaleyale kila siku huku dereva akijinunulia mafuta, mwenye gari hana haraka ya kubadili kichujio wala nozeli, maana hasara si yake. Dereva naye, akibanwa na hesabu ya siku, huongeza mzigo na mwendo. Mpango ulio bora ni kugawana gharama za matengenezo na faida ya mafuta yaliyookolewa. Chama cha madereva wa Kongo, ACCO, kinaweza pia kusaidia kwa jambo dogo: pampu na kipimo cha upepo kwenye maegesho, vitumiwe na wote.

Hata hivyo, dereva hodari kuliko wote hawezi kuishinda barabara iliyokatika. Tangu mwaka 2008 Kongo ina Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, unaopata fedha kutokana na tozo kwenye mafuta na malipo ya kupita barabarani. Maana yake ni kwamba anayenunua lita iliyolipiwa tozo kisha akaimaliza kwenye matope analipa mara mbili: kwanza kwa ajili ya barabara kutengenezwa, kisha kwa sababu haijatengenezwa.

Wakazi wa Tanganyika wana haki ya kuelezwa kiasi gani kimekusanywa kutoka jimbo lao na kilomita zipi zimetengenezwa kwacho. Si lazima kungoja lami. Mifereji iliyozibuliwa kabla ya Oktoba, vikundi vya vijiji vinavyolipwa kufukia mashimo, na vizuizi vya mvua vinavyosimamisha malori makubwa hadi njia ikauke ni kazi za gharama nafuu. Lori moja linalopita kwenye udongo uliolowa huacha makorongo ambayo pikapu zote zitayalipia msimu mzima.

Isisahaulike pia kwamba Niemba iko kwenye reli. Njia ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, Kalemie ikiitwa Albertville. Gurudumu la chuma juu ya chuma huvuta tani moja kwa mafuta machache sana kuliko tairi kwenye udongo. Treni za SNCC zikipita kwa ratiba inayoaminika, magunia ya mahindi yatapanda behewa, na pikapu itabaki na kazi inayoiweza: safari fupi, mgonjwa, mzigo mdogo wa haraka.

Jina la Niemba liliingia katika habari za dunia Novemba 1960, wanajeshi 9 wa Ireland wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walipouawa karibu na daraja lililobomolewa la mto Luweyeye. Doria yao ilikuwa na kazi ya kuondoa vizuizi barabarani. Zaidi ya miaka 60 baadaye, kazi ya kufungua barabara haijakwisha, ingawa kizuizi cha leo ni matope.

Dereva ajaze upepo, asafishe kichujio na apunguze mzigo. Mwenye gari alipe matengenezo kwa wakati. Serikali ya jimbo na FONER waonyeshe tozo ya mafuta imekwenda wapi, na waonyeshe kabla mvua hazijaanza, wakati koleo bado linaweza kufanya kazi.